Undugu wa Jina na Undugu wa Kweli

Hata watu ambao nyimbo zao si za kuimbwa kanisani waweza kutufundisha jambo. Leo tutazame safari moja ya wapiga muziki wa Marekani.

Tarehe 4 Julai 1976 Wamarekani walifanya sikukuu ya miaka 200 tangu kujitoa chini ya Waingereza. Siku hiyo hiyo vijana wanne wa New York, kundi la Ramones, walikuwa ng'ambo kwa Waingereza wenyewe. Walipiga muziki wao wa panki mjini London, katika Roundhouse, jumba lililokuwa zamani banda la magari-moshi. Kesho yake wakapiga tena katika Dingwalls. Ndiyo safari yao ya kwanza ya kuvuka bahari.

Muziki wao ulikuwaje? Mfupi na wa mbio. Santuri yao ya kwanza, iliyotoka Aprili mwaka ule, ina nyimbo 14, nazo zote pamoja hazifikishi nusu saa. Gitari halijisifu. Kila wimbo husema neno lake, kisha hunyamaza. Hilo twalisifu, maana liliwatia moyo vijana wasio na ufundi mwingi.

Lakini wanaosema kwamba usiku ule ndio uliozaa panki ya Uingereza wanapita kiasi. Sex Pistols walikuwa wakipiga tangu mwaka 1975. Tena usiku uleule walikuwa Sheffield, pamoja na The Clash waliotokea mbele ya watu mara ya kwanza. Mbegu ilikuwa udongoni. Wageni walileta mvua.

Lawama ya kwanza ni juu ya maneno: wimbo wao mmoja wafanya mzaha wa kunusa gundi. Aliyewaona watoto wa barabarani katika miji yetu wakinusa gundi hawezi kucheka.

Lawama ya pili ni kubwa zaidi. Wote wanne walijiita Ramone, kana kwamba wametoka tumbo moja, na kumbe hawakuwa ndugu. Walivaa koti moja la ngozi nyeusi na suruali zilizochanika magotini. Baadaye mwimbaji Joey na mpiga gitari Johnny waligombana kwa ajili ya mwanamke. Miaka ikapita wasisemezane, ijapokuwa walisafiri pamoja hadi mwaka 1996 na kupiga zaidi ya mara 2,200. Joey akafa mwaka 2001, nao hawajapatana.

Wazee walisema: undugu ni kufaana, si kufanana.

Na sisi je? Kwaya zetu hushona vitambaa vya namna moja, hupanda lori kwenda kuimba parokia ya jirani, na watu huitana kaka na dada. Lakini katika lori la kurudi, je, wote husemezana? Bwana wetu ametuagiza kupatana na ndugu kabla ya kutoa sadaka. Basi anayetaka kuimba Jumapili, amwendee mwenzake Jumamosi.