Rivolva ya Baruti Nyeusi: Pima Chemba Kabla ya Kulipa

Katika shindano la Mariette mlengaji husimama mita 25 kutoka kwenye shabaha, hushika rivolva kwa mkono mmoja, na hupewa dakika 30 apige risasi 13. Kumi zilizo bora ndizo zinazohesabiwa. Shindano hili hufuata kanuni za MLAIC, chombo cha kimataifa cha walengaji wa silaha za kujazwa kwa mbele, na lina makundi mawili: wanaopiga kwa silaha halisi za karne ya 19 na wanaopiga kwa nakala zake zilizotengenezwa siku hizi. Makala haya yanahusu kundi la pili. Nakala zimejaa sokoni, nyingine zinauzwa mara mbili ya bei ya zilizo jirani nazo kwenye kabati, na mnunuzi mgeni huishia kuchagua kwa macho. Macho hayatoshi.

Anayelijua gobore anaijua baruti yenyewe. Ni shura, makaa na kiberiti, na shura peke yake ni karibu robo tatu ya mchanganyiko. Tofauti ni kwamba katika rivolva baruti haimiminwi kwenye mdomo wa mtutu, bali kwenye chemba za silinda, moja baada ya nyingine. Juu ya baruti hukaa goroli ya risasi laini, nayo hushindiliwa kwa wenzo uliofungwa chini ya mtutu. Nyuma ya kila chemba pana nipeli, kijibomba kidogo kinachovishwa fataki. Nyundo ikigonga fataki, cheche hupita kwenye nipeli na kuwasha baruti.

Nakala nyingi zinatokana na koo mbili za Kimarekani. Ya kwanza ni Colt, hasa modeli za 1851 na 1860. Hii haina daraja la chuma juu ya silinda: mtutu umeshikwa na kabari inayopita kwenye mhimili wa silinda. Ya pili ni Remington ya kijeshi, ambayo wengi huiita ya 1858 kwa sababu ya mwaka wa hataza iliyogongwa kwenye mtutu, ingawa modeli inayonakiliwa zaidi ilianza kutengenezwa mwaka 1863. Fremu yake inazunguka silinda pande zote, na mtutu umefungwa kwa skrubu ndani ya fremu hiyo. Moto ulipoteketeza sehemu kubwa ya kiwanda cha Colt mjini Hartford mwezi Februari 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Muungano liliegemea zaidi Remington kwa bastola zake.

Vitani, Colt ilikuwa na sifa moja kubwa. Mhimili wake ni mnene na una mifereji inayohifadhi grisi, kwa hiyo masizi ya baruti huchelewa kuukwamisha. Mhimili wa Remington ni mwembamba, gesi huupuliza moja kwa moja, na baada ya raundi chache silinda huanza kuwa nzito kuzunguka. Askari aliyekuwa juu ya farasi alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini mlengaji wa Mariette ana dakika 30 kwa risasi 13. Ana muda wa kuichomoa silinda, kuifuta, kuupaka mhimili mafuta na kuendelea. Kasoro iliyoweza kumuua askari, kwake ni kazi ya kitambaa tu. Kinachobaki ni nguvu ya fremu nzima: mtutu haulegei, na mfuo uliochongwa juu ya fremu kuwa kilengeo cha nyuma hausogei hata kidogo. Kwenye Colt, kilengeo cha nyuma ni ufa uliokatwa kwenye nyundo yenyewe, kitu kinachotembea kila unapokokoa. Pia kuna nakala za Colt ambazo mhimili ni mfupi kuliko tundu linaloupokea. Ukiigonga kabari kwa nguvu tofauti leo na kesho, mtutu unavutwa kwa pembe tofauti, na shabaha inahama bila mlengaji kukosea chochote. Fundi anaweza kulitibu hilo, lakini ni afadhali kuanza na bastola isiyohitaji tiba. Kwa hiyo ninampendekezea anayeanza Remington, bila kusita.

Sehemu kubwa ya nakala hizi hutoka Val Trompia na vitongoji vya Brescia, kaskazini mwa Italia, ambako utengenezaji wa silaha ni kazi ya karne nyingi. Uberti walianza mwaka 1959 wakati Wamarekani walipokuwa wanakaribia kuadhimisha miaka 100 ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe na kutamani silaha za mababu. Pietta nao wako huko, na Pedersoli pia, ambao wana Remington iliyotengenezwa mahsusi kwa mashindano. Bei zinatofautiana sana, na swali la haki ni hili: fedha ya ziada inanunua nini hasa?

Inanunua vipimo. Chukua nakala ya kawaida ya kaliba .44 na uipime mwenyewe kwa venia. Si ajabu kukuta mdomo wa chemba una kipenyo cha milimita 11.33. Kisha sukuma goroli ya risasi laini ndani ya mtutu mtupu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, uipime ilivyotoka: alama za mifereji zinaweza kukupa 11.48. Sasa fuata safari ya goroli. Unaanza na goroli ya milimita 11.53. Unapoishindilia kwenye chemba, ukingo wa chemba unainyoa na kuacha pete nyembamba ya risasi, ambayo walengaji huifurahia kwa sababu inaonyesha goroli imeziba vizuri. Ni kweli imeziba, lakini goroli sasa ni ya 11.33. Inapoingia kwenye mtutu inagusa matuta na haiijazi mifereji. Gesi inapita pembeni yake, kama oili inavyopita kwenye pistoni iliyolika. Mlipuko huitanua risasi laini kidogo, sawa, lakini hauitanui kwa kiasi kile kile kila mara. Hapo ndipo unapopata goroli nne zinazogusana na ya tano iliyotoka nje ya duara jeusi, na mlengaji anaulaumu mkono wake.

Bastola ya mashindano iliyotengenezwa vizuri ina chemba zinazolingana na mifereji ya mtutu, au zinazoizidi kwa nywele. Hilo peke yake lina thamani kuliko rangi ya buluu, nakshi za silinda na mbao za mshiko. Nakala ya bei nafuu inaweza kurekebishwa: fundi bunduki mwenye leseni huzipanua chemba zote kwa kipimo kimoja. Ukijumlisha bei ya bastola na ujira wake, mara nyingi unajikuta umekaribia bei ya ile ghali. Fanya hesabu hiyo dukani.

Ukiwa na fedha ya kutosha, iangalie pia Rogers & Spencer. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliagiza bastola hizi 5,000 kutoka kiwanda kilichokuwa Willowvale, New York. Zilifika vita vikiisha, zikakaa ghalani hadi 1901 zilipouzwa kwa mfanyabiashara Francis Bannerman. Kwa kuwa hazikutumika, wengi leo bado wana zile halisi katika hali nzuri. Mshiko wake unakaa vizuri mkononi, wakati Remington huacha nafasi finyu nyuma ya kinga ya kifyatulio na kuusumbua mkono mkubwa. Feinwerkbau wa Oberndorf, Ujerumani, wanaojulikana kwa bastola za upepo za mashindano, waliifanyia nakala, nayo imetengenezwa kwa umakini ule ule.

Kuna mitego miwili ya dukani. Wa kwanza ni Remington yenye kilengeo cha nyuma cha kurekebishwa kwa skrubu, ambayo huuzwa kama modeli ya kulengea shabaha. Ni nzuri kwa mazoezi, ila silaha halisi haikuwa na kilengeo hicho, kwa hiyo kwenye mashindano ya MLAIC haipokelewi. Tafuta yenye kilengeo cha mbele kinachoweza kugongwa pembeni au kupigwa tupa. Ruger Old Army nayo, iliyotengenezwa kuanzia 1972 hadi 2008, ni imara kuliko karibu zote nilizozitaja, lakini si nakala ya silaha yoyote ya zamani. Mlango wa Mariette umefungwa kwake. Mtego wa pili ni fremu ya shaba ya manjano. Inapendeza, na bei yake ni ya kuvutia, lakini chuma cha silinda huigonga kila unapopiga, na siku zinavyokwenda fremu hutanuka. Remington wenyewe hawakuwahi kutengeneza bastola hii ya kijeshi kwa fremu ya shaba.

Unapoishika mkononi, hakikisha kwanza ni tupu. Kokoa nyundo polepole kabisa, chemba moja moja: silinda inapaswa kujifunga kabla nyundo haijafika mwisho, na ikijifunga isicheze. Pitisha fila kati ya silinda na mtutu upime mwanya. Tafuta muhuri wa nyumba ya ukaguzi ya Gardone wenye herufi PN, maana yake imejaribiwa kwa baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi haiingii humo kamwe, hata kwa kiasi kidogo. Vuta fataki kwa vidole baada ya kuivisha: ikichomoka kirahisi, nipeli zibadilishwe, kwa sababu fataki zilizolegea ni moja ya njia ambazo moto wa chemba moja huruka hadi nyingine. Njia nyingine ni goroli isiyoziba.

Ukishainunua, tia alama kila chemba na upige kila moja kwenye karatasi yake, kwa baruti kidogo iliyopimwa kwa ujazo mmoja, ukijaza nafasi inayobaki kwa suji ili goroli ikae karibu na mdomo. Goroli tano kwa kila chemba zinatosha kuanzia. Mara nyingi utaona karatasi tano zinafanana na ya sita inatupa kushoto au chini. Basi chemba hiyo haipewi kitu siku ya shindano: risasi 13 zinagawanyika vizuri tu katika tano, tano na tatu, na dakika 30 zinatosha.