Fedha Mikononi mwa Mwizi

Walimu tunayo methali tunayoipenda kupita kiasi: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni nzuri kwa mzazi mwenye mtoto mdogo. Lakini mwalimu aliyeletewa kijana wa miaka kumi na sita, aliyekwisha kuiba, kupigana na kulala barabarani, itamfaa nini? Samaki wake amekwisha kukauka. Je, amtupe?

Swali hilo ndilo analolishughulikia Anton Makarenko katika kitabu chake Pedagogicheskaya Poema, ambacho kwa Kiingereza kilipewa jina la The Road to Life. Makarenko (1888–1939) alikuwa mwalimu nchini Ukraine. Mwaka 1920, wakati vita vilikuwa vimewaacha watoto wengi bila wazazi wala makazi, alikabidhiwa kituo nje ya mji wa Poltava awalee humo vijana waliovunja sheria. Wa kwanza walikuwa sita tu. Kitabu kilitoka kwa sehemu kati ya 1933 na 1935. Ni riwaya iliyojengwa juu ya mambo ya kweli, kwa hiyo tusiisome kama taarifa ya mkaguzi wa shule.

Sehemu inayonivuta kuliko zote ni ile ya Karabanov. Kijana huyu alikuwa ameondoka kituoni kwa mambo ya wizi, kisha akarudi. Makarenko hakumwekea mlinzi. Alimpa farasi na bastola, akamtuma mjini peke yake kuchukua rubli 500. Karabanov alizileta. Baadaye akatumwa tena, safari hii rubli 2,000. Aliporudi alisisitiza zihesabiwe, naye mwalimu akakataa kuzihesabu. Mhusika huyu ametokana na mtu halisi, Semyon Kalabalin, ambaye baadaye naye akawa mkuu wa vituo vya kulelea watoto wa namna hiyo hiyo.

Siku hizi wataalamu wanatuhimiza tuanze na uwezo alio nao mtoto, si kasoro zake. Mwaka 1990 Larry Brendtro, Martin Brokenleg na Steve Van Bockern wa Marekani walitoa kitabu, Reclaiming Youth at Risk, kilichochota hekima ya malezi ya Wahindi Wekundu wa kabila la Lakota. Walisema mtoto anahitaji mambo manne: kuwa na watu anaowahesabu kuwa wake, kuwa hodari wa jambo fulani, kujiamulia, na kuwa mkarimu. Hilo la nne ndilo tunalolisahau. Tunadhani mtoto mkorofi ni wa kupewa tu: kupewa nasaha, kupewa chakula, kupewa sifa. Kumbe naye anahitaji kutegemewa na wengine.

Hapo ndipo Makarenko anapotushinda wengi. Kumwambia kijana kwamba ana kipaji hakumgharimu mwalimu chochote, na kijana analijua hilo. Fedha za kituo zilikuwa jambo jingine. Zingepotea, mwalimu ndiye angejibu. Karabanov aliamini kwamba anaaminiwa kwa sababu aliona mwalimu wake anaweza kuumia.

Hata hivyo, kitabu hiki kina kasoro mbili. Ya kwanza ni kofi. Mwanzoni Makarenko anampiga Zadorov, aliyemjibu kwa dharau alipoambiwa akakate kuni. Mwandishi haipendekezi fimbo kuwa njia ya malezi, lakini anasimulia jinsi mambo yalivyotengemaa baada ya hapo, na mwalimu mpenda viboko atakimbilia ukurasa huo na kuusahau ule wa fedha.

Ya pili ni nzito zaidi. Yumo kijana aitwaye Chobot. Alitaka kurudi kijijini, amchukue msichana Natasha wakaishi huko. Natasha alipendelea kubaki asome. Chobot akajinyonga. Mwandishi anasimulia msiba huo kwa ufupi, wenzake wanajizuia, kazi inaendelea. Nadhani hapa ndipo mbinu yake inapofika ukomo. Makarenko alikuwa na jicho kali la kuona uwezo ambao kundi lingeweza kuutumia: ushujaa, uongozi, bidii ya shamba. Chobot alitaka mji wake mwenyewe na mtu mmoja wa kumpenda. Hayo hayakuwa na mahali katika ratiba ya kituo, basi hakuna aliyeyahesabu kuwa kitu.

Namsifu mwandishi kwa kutomficha Chobot. Wengi wangemwacha nje ili kitabu kiwe kisafi. Kwa ajili hiyo ningependa walimu vijana wasome sura zote mbili pamoja. Ile ya Karabanov itawafundisha kumkabidhi kijana kitu cha thamani. Ile ya Chobot itawafundisha kumuuliza kwanza yeye mwenyewe anathamini nini.