Pongezi kwa Chama cha Wazimamoto wa Marekani na Kanada
Chama cha kimataifa cha wazimamoto, kilichoanzishwa Washington mwaka 1918 na kujulikana kwa kifupi kama IAFF, kinastahili pongezi kwa kuwaunganisha wafanyakazi wa Marekani na Kanada katika chombo kimoja, ingawa sheria za kazi za nchi hizo hutofautiana sana. Hata majina ya wanachama waliofia kazini, wa pande zote mbili za mpaka, yamechongwa kwenye mnara mmoja wa kumbukumbu huko Colorado Springs. Thamani ya muungano huo huonekana zaidi katika suala la saratani. Mwaka 2002, Manitoba ilikuwa ya kwanza nchini Kanada kuweka kinga inayoegemea dhana ya kisheria, yaani sheria inayochukulia kwamba saratani fulani za mzimamoto zimetokana na kazi yake, ili mgonjwa, ambaye tayari ana mzigo wa kutosha, asilazimike kuthibitisha ni moshi wa moto upi uliomdhuru. Viongozi wa matawi, wengi wao wakiwa wazimamoto waliochaguliwa na wenzao, waliendelea kudai haki hiyo kwa subira ya kupigiwa mfano, na mwaka 2022 Marekani nayo ikatunga sheria kama hiyo kwa wazimamoto walioajiriwa na serikali kuu.