Jeraha lisiloacha kovu

Nimecheza Dungeons & Dragons miaka sita, na lawama yangu ni moja: mchezo huu haujui kuumia.

Tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mwaka 1974, uhai wa mhusika ni hesabu. Ana pointi za uhai. Akikatwa upanga zinapungua, lakini akibakiwa na 1 bado anakimbia na kupigana sawasawa na mwenye 40. Katika toleo la tano la 2014, pointi zikiisha anaanguka, na kila zamu mchezaji anarusha dadu yenye pande 20. Akipata 10 au zaidi amefaulu, chini ya hapo amefeli. Akifaulu mara tatu hali yake inatulia. Akifeli mara tatu amekufa.

Sikatai, hapo meza nzima inanyamaza. Dadu haisikii dua. Tatizo ni kesho yake: akinusurika, anapata mapumziko marefu ya saa 8 na pointi zote zinarudi. Yaani jana alichungulia kaburi, leo hana hata kovu.

Hili lilinichoma mwaka ambao mdogo wangu alivunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda. Jumamosi moja shujaa wangu alikanyagwa na jitu, akalala, akaamka mzima. Narudi nyumbani, namkuta mdogo wangu anahesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni. Niliona mchezo umenidanganya.

Basi nikahamia Blades in the Dark ya John Harper, ya mwaka 2017. Humo jeraha linaandikwa kwa maneno: mguu umevunjika. Maneno hayo yanakaa kwenye karatasi yako, na jeraha likiwa zito hivyo, hufanyi jambo bila kusaidiwa au kujilazimisha. Kupona nako ni polepole: unajaza vipande vinne vya duara kati ya kazi na kazi, ndipo jeraha lishuke ngazi moja. Hapo ndipo wenzako wanaanza kuulizana nani atakubeba, na hadithi inapata kitu ambacho vita peke yake visingeileta.

Kasoro ipo. Mchezaji anaweza kupunguza makali ya pigo, hata la kuua, kwa kujiongezea msongo. Kifo kinakuwa kama bei ya sokoni, unaomba upunguziwe. Wapenzi wa D&D watanicheka hapo, na wana haki. Ila deni linalipwa: msongo ukijaa, mhusika anabaki na kovu la moyo lisilofutika, na la nne linamstaafisha.

Kwangu mimi, kanuni ya kifo ni uamuzi wa msimulizi. Mchezo wa kwanza unauliza kama mtu atakufa. Wa pili unauliza ataishije na yaliyompata, na hilo ndilo swali ninalolifuata hata kwenye riwaya.

Mdogo wangu bado anachechemea. Juzi alikaa mezani nasi, akaumba mwizi anayechechemea pia. Hakuna aliyemwambia alale saa 8 aamke mzima.