Simba Yuleyule, Kiingilio Kipya

Muhula uliopita wanafunzi wetu wawili waliandika katika insha kwamba Mufasa ni neno la Kiswahili lenye maana ya mfalme, na kwamba Nala maana yake ni zawadi. Tulipowauliza walikoyapata hayo, walijibu bila kusita: kwenye filamu. Ndipo tukaona haja ya kuizungumzia The Lion King, ile ya 1994 na ile iliyotengenezwa upya na Jon Favreau mwaka 2019.

Tuanze na mapato, kwa kuwa ndiyo yanayozaa marudio. Filamu ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 900, ukijumlisha na nyakati iliporudishwa katika majumba ya sinema. Ya pili ilivuka dola bilioni 1.6. (Dola ya 1994 si dola ya 2019, hilo tunalijua.) Hata hivyo kurudia si dawa. Dumbo, ya mwaka huohuo wa 2019 na ya kampuni ileile ya Disney, iliambulia kama dola milioni 350 tu, na Ben-Hur ya 2016 haikurudisha hata gharama zake. Tuonavyo sisi, Simba aliuzwa na kumbukumbu: aliyemwona utotoni alirudi amemshika mwanawe mkono.

Sisi tuliitazama ya 2019 katika kibanda cha video hapa Busiu, kwenye mabenchi, mvua ikipiga mabati. Sarafu tulizotoa mlangoni hazimo katika hesabu yoyote ya Hollywood. VJ alisimulia kwa Kiluganda juu ya sauti za waigizaji, akikata hapa na kuongeza pale. Scar alipomwangusha kaka yake bondeni, VJ alieleza kuwa huo ni ugomvi wa kibanja, na kibanda kizima kikaguna. Huyo naye alikuwa anaitengeneza upya filamu, tena kwa ujasiri kuliko Favreau.

Maana Favreau amezirefusha dakika 88 hadi 118, picha zake zinapendeza mno, lakini nyuso za simba wake hazilii wala hazicheki. Na Kiswahili je? Fisi wa zamani, Banzai na Ed, nafasi zao zimechukuliwa na Kamari na Azizi. Ni maneno yetu kweli, ila hakuna anayecheza kamari wala aliye azizi kwa yeyote. Sarabi ni mazigazi, jambo ambalo filamu haikulitumia hata kidogo. Shenzi amebaki Shenzi. Jina hilo lilipotajwa, wazee wawili nyuma yetu waliangua kicheko. Kwao ni tusi la askari wa zamani. Vijana walinyamaza, wakidhani ni jina tu.

Disney ilisajili «hakuna matata» nchini Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara kwenye fulana, na mwaka 2018 watu wengi walilalamika. Sisi linalotukera zaidi ni lile la insha. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa somo la lazima, Julai 2022, watoto wengi wa huku wanakutana na Simba kabla ya kukutana na mwalimu.

Kwa hiyo walimu wasiifukuze filamu hii darasani. Wanafunzi wetu wanajiandaa kuisimulia sehemu ya fisi kwa Kiswahili, kipaza sauti mkononi. Mwenye kibanda ametupa saa moja, kabla ya mpira kuanza.