Broshire ya fomula: herufi nyingi, maelezo hakuna

Leo ninataka kusema juu ya ile broshire ya fomula ambayo mafinalisti wa hapa Oicha wananunua kwenye fotokopi kila mwaka Exetat ikikaribia. Sisi pia tuliipitia. Haina jina la mwandishi, kurasa zingine wino umefifia, lakini inauzwa sana. Wiki iliyopita mtoto wa shangazi yangu alinijia nayo, na ni mara ya kwanza mimi kuisoma yote. Zamani nilikuwa ninaikariri tu.

Kwanza tuipe haki yake. Mtoto ambaye wazazi wake walikimbia kijiji, akabadilisha masomo mara mbili katika mwaka mmoja, atapata wapi muda wa kurudia yote? Exetat inamwekea swali na majibu 5, achague moja. Broshire inamsaidia kuokota alama. Siwezi kumcheka mtu anayeinunua.

Lakini inafanya aljebra ionekane kama orodha ya bei za soko. Ukurasa wa kemia: C₁V₁ = C₂V₂. Mbele kidogo, fizikia: P₁V₁ = P₂V₂. Hakuna hata mstari mmoja unaosema kwamba zinafanana. Tena kila moja inafuatwa na fomula zingine 4, ya kutafuta hiki na ya kutafuta kile, kama vile ni vitu vipya. Jumla 8 za kukariri, wakati mwalimu wa hesabu alisha kufundisha zamani namna ya kutatua ax = b! Huyu mdogo wangu anatatua 3x = 12 bila kufikiri. Nilipomwandikia 3V = 12, akaniuliza: "Yaya, V ni volume ao ni volt?"

Hapo nikafunga broshire, tukaongea kakao. Kwetu kila mtu anajua: unapeleka kwa depo, mnunuzi anapima, anasema iko na imidite, anakata kilo. Tuseme una kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 15, na yeye anataka ya asilimia 7,5. Atakata ngapi? Mdogo akajibu mbio: 15 kutoa 7,5, basi kilo 7,5.

Hapana. Jua linatoa maji, kakao yenyewe haitoki. Ndani ya zile 100 kuna kilo 85 kavu kabisa, na hata ukianika wiki nzima zinabaki 85. Uzito mpya tuuite m. Asilimia 92,5 ya m ndiyo zile 85: 0,925 × m = 85. Basi m ni karibu kilo 91,9, na kukata kwa haki ni 8,1. Kumbe jibu la mbio lilikuwa linamwibia mnunuzi! (Sikufurahi sana, juu baba yangu anauza kakao.) Lakini mnunuzi anayekata 15 nzima, naye tunaweza kumwonyesha kwa karatasi.

Kisha nikaiandika kwa mstari mmoja: 0,85 × 100 = 0,925 × m. Akaangalia, akafungua tena ukurasa wa kemia. "Si ni ile ya C na V?" Njo ile. Ukiongeza maji safi kwa maji ya chumvi, chumvi iliyomo haiongezeki wala haipungui, na C × V ni hesabu ya chumvi hiyo. Kwa kakao maji yanatoka, kwa kemia yanaingia, lakini pande zote kuna kitu kilichobaki vilevile. Fomula 5 za ukurasa huo zilikuwa sentensi moja.

Sasa P₁V₁ = P₂V₂, hapo njo broshire inanikasirisha. Sura ni ile ile, sababu si ile. Kiasi cha hewa hakibadiliki, ndiyo, lakini hiyo peke yake haitoshi. Robert Boyle aliitangaza mwaka 1662 kisha kupima hewa aliyoifunga kwa zebaki ndani ya bomba la kioo, na inashika tu kama joto halibadiliki. Broshire haitaji joto hata mara moja. Siku swali linabadilisha joto, mtoto ataingiza namba, atapata jibu, labda atalikuta kabisa kati ya yale 5, na atakosa. Na aljebra yake itakuwa safi, bila kosa!

Juu ya ile pembetatu ya U, R na I, ambapo unafunika herufi kwa kidole, nitasema kidogo tu. Georg Ohm mwenyewe, mwaka 1826, aliandika X = a/(b + x). X kubwa ilikuwa nguvu ya umeme unaopita, x ndogo urefu wa waya. Alikuwa na nyaya 8 za shaba za urefu tofauti, akapima, akaandika, akatafuta fomula inayokubaliana na vipimo. Kwake x haikuwa fumbo, alikuwa ameikata yeye mwenyewe. Fomula ilikuja mwisho wa kazi. Kwa broshire inakuja mwanzo, na kazi haiko.

Programu ya sayansi ya mwaka wa 7 na wa 8, ile ya 2018, inaomba somo lianze na hali ya maisha. Vizuri. Hapa kwetu hali hiyo inaanikwa kwenye shitingi mbele ya nyumba.

Mdogo aliniachia nakala yake siku mbili. Pembeni ya ukurasa wa Boyle nimeandika kwa biki: "Na joto?" Mwenye kuwa na nakala ya mwaka huu, aniangalilie kama wameisha kuliongeza.