Kasri Bila Mfalme: Mviga au Maonyesho?

Katika somo la fasihi simulizi huwa tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba mviga ni sherehe ya kijamii yenye utaratibu maalumu, na kwamba unapomalizika kuna jambo lililobadilika: mtoto amekuwa mtu mzima, marehemu ameungana na wahenga, mtawala amesimikwa. Maigizo nayo yana fanani, hadhira, maleba na mandhari, lakini yakiisha kila mtu hurudi alivyokuwa. Muhula uliopita tulitaka kuipima tofauti hiyo kwa mfano usio wa kwetu, ili mazoea yasitupofushe. Tukatazama pamoja na wanafunzi video za Tamasha la Utamaduni wa Kifalme la Korea ya Kusini. Hatujafika Seoul, tunahakiki tulichokiona kwenye skrini na tulichokisoma kuhusu historia ya mahali penyewe.

Tamasha hili limekuwa likifanyika tangu mwaka 2015. Huja majira ya kuchipua, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, na siku hizi pia majira ya kupukutika kwa majani. Hufanyika katika makasri ya kale ya Seoul, yaani Gyeongbokgung, Changdeokgung, Deoksugung, Changgyeonggung na Gyeonghuigung, pamoja na hekalu la wahenga wa kifalme liitwalo Jongmyo. Utawala wa Joseon ulianza mwaka 1392, ukajitangaza kuwa milki mwaka 1897, na mwaka 1910 nchi ikamezwa na Japani. Tangu mwaka 1948 Korea ya Kusini ni jamhuri. Mwanafunzi wetu mmoja aliuliza, "Mwalimu, sasa mfalme mwenyewe yuko wapi?" Si ajabu swali hilo kutoka kwa kijana wa Buganda, ambako falme zilifutwa mwaka 1967 na Kabaka akarejeshwa mwaka 1993. Kule Seoul, mfalme ni mwigizaji.

Tuanze na sifa, kwani zipo. Ubora mkubwa wa tamasha hili umo katika mandhari. Wakoloni wa Kijapani waliligeuza kasri la Changgyeonggung kuwa bustani ya wanyama mwaka 1909, na wanyama hao hawakuhamishwa hadi miaka ya 1980. Ndani ya Gyeongbokgung, mbele ya ukumbi wa kiti cha enzi, walijenga jumba la serikali yao, likakamilika mwaka 1926. Lilibomolewa mwaka 1995 na 1996. Basi kupiga ngoma na kutembea na taa usiku katika nyua hizo si burudani tupu. Ni watu kurudi nyumbani. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa.

Ubora wa pili ni namna hadhira inavyoshirikishwa. Mgeni aliyevaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, huingia makasrini bila kiingilio. Yamekuwapo pia maigizo ambamo wananchi wa kawaida huvishwa mavazi ya enzi hizo na kuwa sehemu ya mchezo. Hadhira hapo inakuwa fanani, kama ambavyo wasikilizaji wa ngano hudakia wimbo wa mtambaji. Walimu wa fasihi simulizi hawana budi kulifurahia jambo hilo.

Hata hivyo, tunaona kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni kwamba tamasha linaweka mviga na maonyesho katika kapu moja. Ibada ya Jongmyo, ambayo hufanywa Jumapili ya kwanza ya Mei, ni mviga halisi. Ilikuwa imekatizwa, ikafufuliwa mwaka 1969 na ukoo wa kifalme wenyewe, na hadi leo wazao wa ukoo huo ndio wanaowatolea wahenga wao chakula na kinywaji. UNESCO iliitambua ibada hiyo na muziki wake mwaka 2001. Kwa upande mwingine, badiliko la walinzi wa lango la Gyeongbokgung ni maigizo: hakuna mfalme wa kulindwa, na walinzi ni waigizaji. Yote mawili yana maleba mazuri na ngoma nzito. Mtazamaji asiyeambiwa tofauti atapiga picha hapa na pale kwa jicho lilelile, na mtu anayewasujudia wahenga wake atageuka kuwa pambo katika picha ya mgeni.

Kasoro ya pili inatugusa zaidi sisi watu wa lugha. Gyeongbokgung ndiko alikoishi Mfalme Sejong, aliyebuni herufi za Kikorea, hangeul, mwaka 1443 na kuzitangaza mwaka 1446. Zilikuwa 28, leo zinatumika 24. Katika utangulizi wake mfalme alieleza kwamba watu wa kawaida walikuwa na mengi ya kusema lakini hawakuweza kuyaandika, kwa kuwa maandishi ya Kichina yalikuwa ya wasomi. Mwaka 1444 Choe Manri, mwanachuoni mkubwa wa baraza la mfalme mwenyewe, alimwandikia waraka wa kupinga. Hoja yake ilikuwa kwamba kuwa na herufi za pekee ni kujitenga na ustaarabu wa China na kujishusha hadi daraja la washenzi. Je, walimu wenzetu, hoja hii hamjaisikia kwingine?

Huo ndio mgogoro, na mgogoro ndio uhai wa tamthilia yoyote. Lakini katika vipindi tulivyotazama, Sejong anapita katika joho jekundu, anatabasamu, anapungiwa mikono. Hatukumwona Choe Manri. Hatukuwaona watumwa, ambao utumwa wao haukufutwa kisheria hadi mwaka 1894. Wala hatukusikia kwamba mwaka 1938 Wajapani waliacha kukifanya Kikorea kuwa somo la lazima shuleni, na kwamba mwaka 1942 waliwakamata wanachama wa Chama cha Lugha ya Kikorea waliokuwa wakitunga kamusi. Ufalme umebaki rangi na mwanga. Maleba yamemeza maudhui.

Huenda msomaji akasema kwamba tamasha si darasa, na kwamba familia iliyotoka na watoto wake jioni haitaki kuhutubiwa. Tunakubali kwamba hotuba huua sherehe. Lakini hatuombi hotuba. Mfalme akibishana na msomi wake mbele ya watu, kwa sauti kubwa na vichekesho kidogo, mtoto atakumbuka ugomvi huo kuliko taa elfu moja.

Tunayasema haya tukijinyooshea kidole. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Tumeiadhimishaje siku hiyo hapa chuoni? Tuliwavalisha wanafunzi kanga na kanzu, tukapika pilau, tukaimba, tukapiga picha, tukaenda nyumbani. Hakuna igizo hata moja lililothubutu kumleta jukwaani mzee wa kijijini ambaye bado anakiona Kiswahili kuwa lugha ya askari na ya wezi, wala kumwacha aseme kwa nini. Yeye ndiye Choe Manri wetu, na ana sababu zake. Tusipomsikiliza na kumjibu, sheria itapita na moyo utabaki pale pale.

Kwa maoni yetu, Tamasha la Utamaduni wa Kifalme limefaulu kurudisha watu makasrini. Bado halijafaulu kurudisha ubishi uliozifanya kuta hizo ziwe na maana. Sisi tusio na makasri ya kuwasha taa tuna nafasi ya kuanza na ubishi. Tunapendekeza kwamba kamati ya maandalizi ya Julai ijayo itenge saa moja, kabla ya pilau, kwa ajili ya igizo la mzee huyo. Wanafunzi wa mwaka wa pili wameshaanza kuliandika.